Siku Papu Aliponyolewa

Ndevu za mbwa zina harufu yake. Si harufu ya mbwa. Ni harufu ya maziwa yaliyochacha, mchuzi wa jana, na kitambaa kibichi kilichosahauliwa kwenye beseni. Juzi nilikuwa nimekaa barazani nakata bamia, nikaisikia hata kabla sijageuza kichwa. Mjukuu wangu Viola, aliyekulia Nairobi na kurudi hapa Juba na mume na masanduku, alikuwa anaingia getini amebeba mnyama mdogo wa kijivu, nyusi zimemwangukia machoni kama za mzee wa kanisa, ndevu zimelowa.

"Haboba, usishtuke, ni mbwa," akasema. Wajukuu wangu wote wananiita Haboba, kama watoto wa Juba wanavyowaita bibi zao.

"Naona ni mbwa. Ndevu zake hazijaoshwa tangu lini?"

Akacheka. Akaniambia anaitwa Chico, ni mbwa wa jamii ya shnauza wadogo, na kwamba ametafuta saluni ya mbwa Juba nzima hakuipata. "Na joto hili, Haboba! Si tumnyoe tu yote, apumue?"

"Katika nyumba yangu mbwa wa namna hii hanyolewi," nikamwambia. "Ananyonyolewa. Niletee jivu laini, kitana cha chuma, na ile meza ndogo ya redio."

Alidhani uzee umenipanda kichwani. Lakini alivileta. Nikapaka jivu kidole gumba na kidole cha shahada ili nywele zisiteleze, nikaanza mgongoni, nikizivuta zile ndefu zilizokufa kwa kufuata zinakolala, kidogo kidogo. Chico akasinzia. Viola akabaki ameshika simu mkononi bila kuitazama.

"Haboba, nani alikufundisha hii?"

Nikamwambia nitamweleza kesho. Ndiyo haya ninayoandika, na nimeyaandika pia kwa ajili yenu wenzangu mnaoikumbuka Juba ile, kabla ya daraja, watu walipokuwa wanahesabu siku zao kwa honi ya meli. Shule yangu ilikuwa fupi, na Kiswahili nilikipata ukubwani, ukimbizini Uganda. Mkiona nimerukaruka, nivumilieni. Majina lakini ninayo yote.

Aliyenifundisha aliitwa Sitt Katina, Mgiriki aliyezaliwa Wau, mke wa Hawaja Mihali; kwa Kiarabu chetu Sitt ni bibi, Hawaja ni bwana mgeni. Walikuwa na duka la nguo, chumvi na sabuni kwenye njia ya kushuka bandarini, na lori moja la kijani. Mama yangu, Jokudu, alikuwa anawafulia na kuwapigia pasi. Mimi Poni nilikwenda naye kila siku, maana baba yangu Lado alikuwa ameshafariki na sisi tulikaa mtaa wa Buluk peke yetu.

Kifo cha baba nakisema hapa kwa sababu moja. Hakuna aliyeniambia amekufa. Siku hiyo nilikuwa nje nacheza na kina Keji, nikaitwa, nikakalishwa chini, na shangazi yangu Yeno akaninyoa kichwa kwa wembe bila neno. Nilipogeuka nikaona mama naye hana nywele. Ndivyo nilivyojua. Kwetu mtu akifa, watu wake wananyoa, na mimi tangu siku hiyo kichwani mwangu mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Sikujua kama mtu anaweza kunyoa kwa sababu nyingine.

Basi, Papu. Papu alikuwa mbwa wa Sitt Katina, alikuja na meli kutoka kaskazini ndani ya kikapu. Kwa lugha yao jina hilo maana yake ni babu. Alikuwa na nyusi, alikuwa na sharubu, alikuwa na ndevu nyeupe hadi kifuani, na alitembea kwa miguu iliyonyooka kama mtu aliyevaa viatu vipya. Wapagazi wa bandarini walikuwa wakimwona na Sitt wanasimamisha mizigo yao: "Salaam, ya sheikh! Habari za wake zako?" Naye anawapita bila kuwajibu, jambo lililowafurahisha zaidi.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa napiga magoti kumwamkia, kama nilivyofundishwa kuwaamkia wenye mvi. Siku moja Hawaja Mihali alinikuta hivyo.

"Poni, unafanya nini?"

"Namwamkia mzee."

"Mzee? Huyu? Huyu amezaliwa juzi, wewe ni dada yake mkubwa!"

"Mbona ana ndevu nyeupe?"

"Alizaliwa nazo."

Nikaona Hawaja ni mtu mwema lakini hapa ananidanganya. Nani anazaliwa na ndevu? Nikaendelea kupiga magoti. Hawaja akapendezwa, akawa kila akitoka anamvuta Papu ndevu taratibu na kumwambia, "Mjukuu wako anakusalimia, mzee."

Kazi ya Papu ilikuwa na utaratibu wake, na Sitt alinipa mimi sehemu yangu. Baada ya kila chakula nilimwosha ndevu kwa maji ya uvuguvugu na kuzikausha kwa kitambaa, la sivyo zinanuka na ngozi ya chini inapata vidonda. Nilimtoa nywele katikati ya vidole, maana hapo ndipo majani yenye miiba yanapojificha. Sitt ndiye aliyemnyonyoa, mezani, uani, chini ya kivuli cha chumba cha pasi. Mara ya kwanza nilipomwona nilikimbilia kwa mama nikalia kwamba Papu anaandaliwa kupikwa, kwa sababu kitu pekee nilichokuwa nimeona kikinyonyolewa ni kuku. Mama alicheka mpaka akaunguza kola ya shati.

"Haziumi," Sitt aliniambia, akanipaka jivu vidoleni nijaribu. "Zimeshakufa hizi, zinangoja tu mtu wa kuzitoa. Ukizikata kwa mkasi zinarudi laini kama pamba na zinanasa kila uchafu. Vuta. Vuta zinakolala. Na wewe shika kidevu, asinigeuzie kichwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa. "Poni, shika kidevu." Nilikishika kwa mikono miwili, ndevu zimenijaa viganjani, ananipumulia usoni.

Uhuru nimeuona mara mbili hapa Juba, na mara zote mbili vita vilikuja karibu nao. Mara ya kwanza vikautangulia, mara ya pili vikaufuata. Ninayoyasema ni ya mara ya kwanza. Waingereza walikuwa wanafunga masanduku, watu wanajadiliana sokoni nani atakaa kwenye viti vyao. Hawaja Mihali alikuwa amepeleka lori upande wa Torit kuleta ufuta, yeye na dereva wake Wani. Siku chache baadaye ikasikika kwamba wanajeshi kule wameasi, barabara imejaa risasi. Juba ikamwagika. Wengine wakavuka mto, wengine wakaingia porini. Ndege zikaja, zikashusha wanajeshi kutoka Khartoum. Mama alisema sisi hatuna pa kukimbilia, na Sitt hana mtu wa kumfulia, tukabaki.

Lori halikurudi. Wala Hawaja, wala Wani.

Wagiriki wengine walikuwa wanaondoka. Shemeji yake Sitt, Hawaja Kosta, alikuja akasimama uani na kofia mkononi.

"Katina, meli inakwenda kaskazini wiki hii. Nimekuwekea nafasi."

"Na Mihali?"

"Mihali akiwa hai atatufuata."

"Mihali akiwa hai atakuja hapa akute nyumba imefungwa, mbwa hayupo, hata kahawa hakuna. Nikijua amekufa nitapanda meli. Sasa sijui. Asiyejua hapandi meli."

Meli ikaondoka bila yeye. Kila asubuhi alichukua mwavuli akaenda mudiria, ofisi ya serikali ya mkoa, kuuliza, akarudi alasiri. Chakula cha Hawaja aliendelea kukipakua na kukifunika sahani. Lakini meza ya Papu aliiacha. Hakumnyonyoa tena. Mimi niliosha ndevu kama kawaida, hiyo ndiyo niliyoiweza, ila mwili wote nywele zilirefuka zikasokotana, na mvua zilikuwa zinanyesha, nyasi zimefika magotini, kupe wakamjaa hadi masikioni. Akawa anajikuna usiku kucha. Hayo nayasema sasa. Wakati ule niliona tu mzee amechoka kungoja.

Asubuhi moja mama alinituma nitangulie na mayai kwa Sitt. Nikasukuma mlango wa uani. Nyumba imefungwa, kimya. Papu amefungwa kwenye mguu wa meza, na sikumjua. Hana nywele. Mgongo mtupu wa rangi ya pinki na kijivu, miguu kama vijiti, kichwa kimekuwa kidogo, nyusi hakuna. Zimebaki ndevu tu. Chini pana rundo la nywele, mkasi, na mashine ya mkono ya kunyolea ya Hawaja.

Niliweka mayai chini. Sikugonga mlango, sikuita. Niliona sina haja ya kuambiwa. Nikakimbia mpaka Buluk.

Mama alikuwa anafunga kitambaa kichwani.

"Umempa Sitt mayai?"

"Sitt amefunga mlango. Mama, Papu amenyolewa."

Mama akashusha mikono. "Amenyolewa vipi?"

"Mwili wote. Zimebaki ndevu."

Akakaa kwenye kigoda. "Maskini Katina," akasema. "Hana ndugu hapa wa kunyoa. Amemnyoa mbwa."

Mimi nilikuwa mtoto, lakini mama alikuwa mtu mzima, na aliona kama nilivyoona. Nataka mjue hilo, msije mkasema ni utoto tu. Sitt alikuwa amezaliwa huku, baba yangu alipofariki alikuja kukaa nasi chini kwenye mkeka, alijua kunyoa ni nini. Nani mwenye akili zake atachukua mkasi katika nyumba ambayo mwenyewe hajulikani alipo? Kwetu kumnyolea mtu aliye hai ni kumzika. Kwa hiyo habari imefika. Hakukuwa na maelezo mengine.

Mama akautoa wembe wa baba. "Tumekula chakula cha Mihali," akasema, "tutaingia pale na nywele?" Akaninyoa, mimi nikamshikia maji, naye akajinyoa. Jirani yetu Mama Keji akatuona, akauliza, akaambiwa, akaweka mikono kichwani akapiga kelele. Na kelele ya Mama Keji ilikuwa inafika bandarini. Tulipotoka tulikuwa wanawake wengi. Kwenye kona wanajeshi walitusimamisha, na Mama Keji akawaambia kwa Kiarabu chake, "Tunakwenda kulia. Mnataka kulia na ninyi?" Wakatupisha.

Sitt hakuwepo. Alikuwa amekwenda na mwavuli wake, lakini sisi tukasema labda amekwenda kanisani kwa habari ya maiti. Tukakaa uani, tukalia. Tulilia vizuri. Wapagazi walipanda kutoka bandarini wakakaa nje ya ukuta, watu wa sokoni wakapita na habari, kila anayekwenda njia yake anaibeba. Papu mimi nilimfungua, akalala miguuni pangu, kipara kwa kipara.

Alasiri Sitt akatokea. Alituona tangu barabarani, akaacha mwavuli ukaanguka, akaja mbio. Akasimama mlangoni akatazama kichwa cha mama, kisha changu. Uso wake ukawa mweupe kama ukuta.

"Jokudu," akasema. "Nani amekuja? Nani amewaambia?"

Mama akainuka amshike. "Sitt, wewe ndiye uliyetuambia."

"Mimi?"

"Umemnyoa Papu."

Nakumbuka kuku akiparua kwenye lile rundo la nywele.

"Kupe," Sitt akasema. "Jokudu, alikuwa na kupe. Amejikuna mpaka damu. Nisingeweza kumnyonyoa mwili wote, nywele zimesokotana. Nilimnyoa kwa sababu ya kupe!"

"Basi habari hamna?"

"Habari hamna. Leo tena wamesema hamna."

Watu wakatazamana. Halafu Mama Keji, macho yamevimba, sauti imekauka, akauliza, "Sasa sisi machozi yetu tuyapeleke wapi?"

Sitt akaanza kucheka. Alianza kidogo, kisha akashika ukuta. Wanawake wakashikwa, wapagazi nje wakashikwa, hata mama, huku ananifinya sikio kwa nguvu: "Kupe! Umeninyoa kwa kupe!" Sitt akasema hakuna mtu kuondoka, waliokuja kumlilia Mihali watakunywa kahawa ya Mihali, na akirudi atasimuliwa na atalipa kwa kucheka. Tangu lori liondoke sikuwa nimemwona na uso ule. Alikuwa anaita, "Poni, lete vikombe, lete sukari!"

Nilikuwa nimebeba sukari Papu alipoinuka. Akanyoosha shingo, akanusa, akaenda moja kwa moja mlangoni kati ya miguu ya watu. Pale alisimama mwanamume amenyoa kichwa, mwembamba, shati limechanika begani. Hakuna aliyekuwa amemtambua. Papu akamrukia mfukoni, anabweka, kile kimkia chake kinatikisika. Mfukoni mkalia chuma. Ule mlio sote tuliujua. Zilikuwa funguo za lori.

"Wani," mama akasema.

Wani alikuwa analia. Aliwatazama wanawake wenye vikombe, akamtazama Sitt aliyekuwa bado na kicheko mdomoni.

"Nimekaa kwa dada yangu Jwan," akasema. Dada yake alikaa huko wanakoita siku hizi Lemon Gaba, wakati ule ni mashamba ya mtama. "Niliwaogopa wanajeshi, lakini wewe Sitt nilikuogopa zaidi. Kila siku nasema kesho nitakwenda, nashindwa. Leo watu wa sokoni wakapita wakasema kwa Sitt wanalia, Sitt ameshajua. Nikasema, Mungu amenisaidia, sasa naweza kuja." Akatazama tena vile vikombe. "Sitt. Ulikuwa hujui?"

Sitt alikaa kwenye beseni la mama lililogeuzwa. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu aliyefika. Wani akaeleza, kwenye daraja dogo la njia ya Torit, risasi zikitoka pande zote mbili, hata hajui za nani. Hawaja alikuwa kando yake, hakusema kitu. Alimzika mwenyewe pembeni ya barabara, akaweka mawe juu, akaweka alama kwenye mti. Lori liliungua.

"Alikuwa na kofia yake?" Sitt akauliza.

"Nilimfunika nayo uso, Sitt, mchanga usimwingie machoni."

Akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Na hapa ndipo jambo ambalo sijaliona tena msibani, na nimekaa misiba mingi: hakuna aliyepiga kelele. Tulikuwa tumeshalia. Kila mmoja alitafuta ndani akakuta ameshamaliza. Mama Keji aliweka kikombe chake chini taratibu kisigonge sahani.

Baadaye Sitt akaokota mkasi pale chini, akakaa mezani kwake.

"Poni. Shika kidevu."

Nikamweka Papu mezani, nikakishika. Akazikata ndevu, zile nilizokuwa naziosha, zile Hawaja alizokuwa anazivuta. Zikaniangukia viganjani. Papu alitulia kama siku zote, alidhani ni kazi ya kila siku. Kwa miaka mingi niliamini yeye alijua kabla yetu, ndiyo maana alikubali kunyolewa. Sasa nimezeeka na nimefuga wanyama wangu. Hakujua kitu. Alikuwa na kupe.

Sitt alipanda meli bendera mpya ilipokuwa imeshapandishwa. Asiyejua hapandi meli, lakini sasa alijua. Mama alibeba sanduku, Wani kikapu, mimi nilimshika Papu kwa kamba mpaka bandarini. Wapagazi walikuwa pale pale, Gore, Tombe, na yule mfupi Sebit, na hakuna aliyesimamisha mzigo. Walimpita. Kwao alikuwa mbwa mdogo tu wa kijivu, nywele zinaanza kuota laini kama pamba, kidevu kitupu.

Kwenye ubao wa kupandia nilipiga magoti nikamwamkia kwa Kibari, lugha yetu, kama zamani. Hakunijibu, hakuwahi kunijibu. Alininusa kichwani, mahali nywele zangu zilipokuwa zinachoma kwa kuota, akanilamba. Uso wake ulikuwa karibu na pua yangu kabisa, nikavuta pumzi nipate ile harufu ya kwenda nayo nyumbani. Haikuwepo.